King'ora cha Pikapu ya Maziwa

4 Desemba
Ukungu umeshuka leo. Nikisimama mlangoni mwa karakana sioni hata mti wa mshita ulio ng'ambo ya barabara. Kiwanda cha sukari kimeanza kusaga, na matrekta yanapita tangu alfajiri na matela yaliyojazwa miwa hadi yanayumba. Mengi hayana taa nyuma. Nimefunga taa tano. Nitaandika humu hadi ukungu uondoke, maana msimu uliopita nilisahau nimemfungia nani nini, nikabishana na nusu ya wateja.

5 Desemba
Mzee Sajjan, mchuuzi wetu wa maziwa, ameuawa kwenye daraja la mfereji. Watu wa mtoni walimtokea saa mbili asubuhi, wakataka pikapu, naye akakataa kutoa ufunguo. Risasi moja ya shingo. Nilipofika maziwa yalikuwa yametapakaa barabarani yakiwa mekundu, mbwa wawili wanaramba, na hakuna aliyekuwa na moyo wa kuwafukuza. Majambazi hao wanaishi kwenye matete katikati ya mto. Hutoka wakati wa ukungu, huteka watu, huwafunga minyororo, kisha huwapigia simu ndugu zao.

Mazikoni Jam Naubat, mkuu wa kijiji, alisema atakayekamatwa safari hii hatapelekwa polisi. "Polisi tutawapelekea viatu vyake," alisema. Watu waliitikia. Mimi pia niliitikia, tena kwa sauti.

6 Desemba
Taa mbili. Dinamo moja.

9 Desemba
Rabnawaz, mdogo wake mke wangu, ndiye aliyechukua kazi ya Mzee Sajjan. Sikuwahi kumpa uzito Rabnawaz. Ana miaka thelathini, masharubu yake yanang'aa mafuta, anacheka kabla hujamaliza sentensi, na hawezi kubadilisha hata balbu. Amekuja na king'ora alichonunua mjini, cha kufunga chini ya boneti, pamoja na kitufe kilichoyeyuka kama mshumaa. Alikuwa amekifunga mwenyewe. Alibonyeza mara tatu, ya nne moshi ukatoka chini ya usukani.

"Shemeji, mbona nilinunua kitufe kikubwa?" aliniuliza.

Nikamwambia ukubwa si hoja. King'ora kile kinakula umeme mwingi, na ukiupitisha wote kwenye kitufe lazima kiungue. Katikati unaweka rilei, kijisanduku cheusi cha miguu minne. Kitufe kinaipa rilei umeme kidogo tu. Sumaku iliyo ndani inavuta ulimi wa chuma, na ulimi huo ndio unaofungulia king'ora umeme mzito unaotoka moja kwa moja kwenye betri, kupitia fyuzi. Kidole kinafanya kazi ndogo, rilei inafanya kubwa.

"Kumbe ni kama Jam Naubat," alisema. "Anainua kidole, sisi tunatoka jasho."

Nilicheka, ingawa sikutaka. Kitufe nimekificha chini ya dashibodi, goti la kulia linapofika. Ukibonyeza kinalia, ukiachia kinanyamaza.

13 Desemba
Tela la miwa limemgonga mwendesha baiskeli karibu na shule. Halikuwa na taa. Halikuwahi kuletwa kwangu.

18 Desemba
Wamemvamia Rabnawaz.

Walikuwa wanne. Waliziba njia kwa gogo karibu na mashine ya kuvutia maji. Alibonyeza kitufe, lakini yule wa kwanza kufungua mlango alimshika mkono na kumvuta nje, na king'ora kikanyamaza kabla hakijamaliza hata mlio mmoja. Watu waliokuwa mashambani waliusikia wakadhani ni dereva mwenye fujo. Wamemvunja mbavu mbili kwa vitako vya bunduki. Wakachukua simu na viatu, na wangemchukua na yeye kama matrekta mawili yasingetokea yakifuatana.

Alikuja karakana amejishika ubavu. Safari hii hakucheka. Alisema anataka king'ora ambacho akikigusa mara moja hakinyamazi tena, hata wakimkata mkono. Nikamwambia inawezekana: unachukua waya kutoka mguu wa rilei unaotoa umeme, unaurudisha kwenye mguu wa sumaku. Kitufe kikiiamsha rilei mara moja tu, rilei inajishikilia yenyewe. Hailali hadi mtu achomoe fyuzi.

"Fyuzi utaiweka wapi?" aliuliza, na kabla sijajibu akaniwekea kiganja mdomoni. "Usiniambie. Wakinipiga nitasema. Ijue wewe peke yako."

Nikamtuma akanywe chai. Alipoondoka nikaificha.

20 Desemba
Tumekijaribu mbele ya Jam Naubat. Kilipolia, wakata miwa walitoka mashambani kutoka kila upande, wengine kutoka mbali kabisa. Jam alitabasamu kama mtu aliyepata mtoto wa kiume. Aliwaambia wanaume wote wakikisikia tena wasiulize kitu, waje na chochote walichonacho mkononi. Ameniagiza nifunge vingine saba, kwenye kila gari la kijiji. Mke wangu Bakhtan alipika wali wa sukari guru. Alisema mume wake amekuwa mtu mkubwa. Sikumbishia.

26 Desemba
Pikapu ya tatu na ya nne.

27 Desemba
Ukungu hauinuki hata adhuhuri. Kikohozi.

3 Januari
Leo king'ora cha gari la mjomba wa Bakhtan kimelia chenyewe kwenye shimo la barabara. Waya wa kitufe ulikuwa umechubuka, ukagusa ule wa betri. Kosa langu. Kabla sijafika, watu arobaini walikuwa wamemzunguka mchuuzi wa mablanketi kwa sababu hakuna aliyemjua na alikuwa karibu. Walishampasua mdomo. Mmoja alimkumbuka kutoka mnada wa Alhamisi, ndipo wakamwachia. Jam Naubat alimwagizia chai. Mtu yule alikunywa, kikombe kinagonga meno yake, na watu walicheka jinsi kinavyogonga. Mimi pia nilicheka.

Nilichomoa fyuzi, kukawa kimya. Waya nimeubadilisha.

8 Januari
Wamemteka mwalimu wa kijiji cha pili. Watu hawapiti barabara ya mfereji hadi wawe magari matatu.

9 Januari
Taa za nyuma sita.

14 Januari
Bakhtan anasema ninaota nikipiga kelele. Nilimuuliza nasema nini, akasema sisemi neno, nalia tu kama king'ora.

17 Januari
Nimeosha mikono mara nyingi leo. Nitaandika yote kwa mpangilio.

Saa mbili na nusu asubuhi nilikuwa nafungua stata ya trekta, spana namba kumi na saba mkononi. King'ora kikalia upande wa daraja. Nilikijua ni cha Rabnawaz kwa sababu kina mkwaruzo mwishoni mwa kila mlio. Nikakimbia na spana.

Ukungu ulikuwa mzito hadi nilikuwa nasikia watu wakikimbia pembeni yangu bila kuwaona. Nilisikia pikipiki mbili zikiondoka kwa kasi upande wa mto. Nikaiona pikapu imesimama mshazari, milango wazi, na Rabnawaz chini kando ya gurudumu. Taya lake lilikuwa limehama mahali pake. Damu ilikuwa inamtoka mdomoni kwa mabonge. Na hatua chache kutoka kwake alikuwa amesimama mtu nisiyemjua, kanzu nyepesi, mikono juu.

Hatukumuuliza kitu. Kwanza alipigwa kwa muwa, ukavunjika mgongoni. Kisha mpini wa jembe. Akapiga magoti. Wakati huo tulikuwa kama kumi, kisha ishirini, kisha sikuweza kuhesabu. Jam Naubat alifika na gari lake akashuka na fimbo yake ya kichwa cha shaba, watu wakampisha apige, kisha wakarudi. Mwana wa Mzee Sajjan alikuwa na panga la kukatia miwa, alimpiga kwa ubapa, halafu si kwa ubapa.

King'ora kilikuwa kinalia muda wote huo. Mdomo wa yule mtu ulikuwa unacheza. Alikuwa anasema kitu, tena kirefu, na hakuna aliyemsikia, kwa sababu mtu akisimama karibu na kile king'ora hasikii hata sauti yake mwenyewe. Akapeleka mkono mguuni, kwenye kifundo, akawa anapaonyesha. Mtu mmoja akadhani anatoa kisu. Hapo ndipo nami nilipompiga. Nilimpiga kwa spana juu ya sikio, mara mbili. Ya kwanza ningeweza kusema ni hofu.

Rabnawaz alinishika suruali kwa chini, akawa anaivuta. Nilidhani anataka kuinuliwa. Nikautoa mguu wangu.

Yule mtu alipoacha kusogea, watu walisimama wakihema. Mmoja aliniashiria masikio yake. Nikaenda kwenye pikapu, nikainua sakafu nyuma ya kiti cha abiria, nikachomoa fyuzi. Baada ya hapo nilisikia umande ukidondoka kwenye majani ya miwa. Mtu mmoja nyuma yangu alikuwa anatapika.

18 Januari
Polisi walikuja, wakaandika jambazi ameuawa katika mapambano na wanakijiji, wakapiga picha, wakanywa maziwa ya moto kwa Jam Naubat. Walituachia mwili tuuzike. Imamu alikataa kumwosha mwizi. Bakhtan alisema hata mwizi ana mama, nenda kamwoshe wewe. Nikaenda na babu mmoja anayechimba makaburi.

Nilipofika miguuni niliacha kumwaga maji. Kifundo cha kulia kilikuwa na pete ya nyama mbichi pande zote, mfupa unakaribia kuonekana. Kidonda cha siku nyingi, si cha jana. Babu alikitazama, akanitazama mimi.

"Huu ni mnyororo," alisema.

Majambazi hawajifungi minyororo. Tulimfunika. Tulimzika pale kwenye kipande cha ardhi kati ya mfereji na barabara, wawili tu, bila swala, kwa sababu Jam Naubat alikuwa amekataza.

20 Januari
Nilimwambia Jam Naubat juu ya kifundo. Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha alinipangusa vumbi begani taratibu, kama baba, akasema watu wa mtoni hugombana wao kwa wao na kufungana. Akasema Mzee Sajjan sasa analala vizuri. Akasema karakana yangu iko kwenye ardhi ya nani. Hilo la mwisho hakuliuliza kama swali.

Kwa miaka kumi na tano nimekuwa nikimwona mtu huyu kuwa mkubwa.

21 Januari
Taa moja. Sikuweza kuimaliza.

25 Januari
Rabnawaz amerudi kutoka hospitali. Taya limefungwa kwa waya, anakunywa mchuzi kwa mrija. Nilipoingia alinitazama hadi nikatazama ukuta. Akaomba kalamu kwa ishara. Nilikuwa na daftari hili tu. Yanayofuata ni mwandiko wake, sijafuta kitu:

*Shemeji. Yule mtu walimlaza barabarani ili nisimame. Nikasimama. Nilipotoa kichwa dirishani akasema kwa sauti ya chini, ondoka ndugu, wako kwenye miwa. Ningeweza kurudi nyuma. Niligusa kitufe. Wakanitoa wakanipiga wanataka nikizime. Niliwatikisia kichwa, sijui kinazimwa wapi, hawakuamini. Yule mtu alimshika mkono mwenye bunduki. Ndiyo maana nimevunjika taya tu. Walipoona watu wanakuja, walikimbia, yeye hakukimbia. Alivua shali yake akaniwekea chini ya kichwa. Alikuwa anacheka na kulia. Alinipigia kelele sikioni kuwa anaitwa Mureed, ni mpishi wa harusi, anatoka mji wa Lodhran. Nilikuwa navuta suruali yako nikuambie.*

Alipomaliza alinirudishia kalamu. Nilitaka aninyang'anye kitu, anitemee mate, chochote. Alinisogezea kiti nikae.

26 Januari
Sikufungua karakana.

27 Januari
Sikufungua. Bakhtan amesoma ukurasa ule. Jioni, akiwa anakanda unga, alisema, "Mimi nilijisifu kwa wanawake wenzangu kwa ajili ya kile king'ora." Akaendelea kukanda.

2 Februari
Nimevitoa ving'ora vinne kwenye magari ambayo wenyewe waliniruhusu. Wengine watatu walinifukuza. Mmoja alisema mimi ni rafiki wa majambazi.

6 Februari
Mwanga wa jua kwa saa mbili. Miti imeonekana.

11 Februari
Leo amekuja mtu mrefu mwenye picha kwenye simu. Anaitwa Ghaus. Anaosha mabasi kwenye stendi ya Lodhran. Alikuwa anakwenda karakana hadi karakana, kwa sababu mafundi huona watu wengi. Kwenye picha Mureed ameshika mwiko mrefu mbele ya sufuria kubwa, uso umejaa mvuke. Ghaus alisema mdogo wake alitekwa akitoka kupika harusini, siku arobaini na nne zilizopita. Majambazi waliacha kupiga simu katikati ya mwezi uliopita. Aliuliza kama nimemwona.

Kulikuwa na watu wawili wa Jam Naubat wanakunywa chai mlangoni. Walinyamaza wasikie nitasema nini.

Nilimwambia aketi. Akasema hajachoka. Basi nikamwambia akiwa amesimama: mdogo wake aliachwa hai na majambazi, na sisi ndio tuliomuua, watu wa kijiji hiki, darajani, asubuhi, na mimi nilimpiga mara mbili kwa spana ile pale ukutani. Nilimwambia juu ya Rabnawaz na shali.

Aliitazama spana. Kisha akauliza, "Hakujitetea? Mureed anaongea sana."

"Alisema. Mdomo ulikuwa unacheza. Kulikuwa na king'ora, hatukusikia."

"Hakuna aliyeweza kukizima?"

"Mimi. Nilikifunga mimi. Nilijua mimi peke yangu."

Alinipiga ngumi usoni, nikaanguka juu ya betri. Alinipiga tena nikiwa chini, na teke la tumbo, na jingine, bila haraka. Wale wawili wa mlangoni hawakusogea. Kisha aliacha, akakaa kwenye tairi, akaniuliza kaburi liko wapi.

12 Februari
Wamekuja wanakijiji kumi. Walivunja kila kitu kwa nyundo zangu mwenyewe. Mwana wa Mzee Sajjan aliuweka mkono wangu wa kulia juu ya fuawe ya kufulia vyuma, mwingine akapiga. Alikuwa analia wakati anaushikilia. Alisema nimemfanya baba yake afe mara ya pili.

16 Februari
Naandika kwa mkono wa kushoto. Bakhtan hataki kwenda kwa kaka zake. Amesema wakija tena watamkuta yeye mlangoni.

19 Februari
Ghaus amerudi na imamu kutoka Lodhran. Tumemswalia Mureed kaburini. Ghaus, imamu, babu mchimba makaburi, Rabnawaz na mimi. Wanawake walikuwa juu ya paa wanatazama. Rabnawaz alikuwa amejifunika shali ya yule mtu, iliyofuliwa, na baada ya swala akaivua akamkabidhi Ghaus. Ghaus aliinusa. Akasema inanuka sabuni tu. Alisema bila lawama, lakini Rabnawaz alilia hadi nyaya za mdomoni zikamchoma.

Magari yalipita barabarani. Moja lilipunguza mwendo. Hakuna aliyeshuka.

22 Februari
Ukungu umekwisha. Leo kuanzia asubuhi mto umeonekana wote.

Ghaus amehangaika hadi wilayani, na ofisa wa polisi amekuja kuchukua maelezo upya. Ni mwanamke wa makamo mwenye miwani. Alikaa kwenye chumba cha shule kwa sababu hakutaka chumba cha Jam Naubat. Aliniambia naweza kusubiri wakili. Nikasema hapana. Akaniuliza king'ora kinafanyaje kazi, nikamweleza kitufe, rilei, na ule waya unaorudi. Alinifanya nieleze mara mbili, akachora.

Akafungua ukurasa mpya. Akasema nitaje waliompiga, polepole, mmoja mmoja.

Nilianza na jina langu. La pili lilikuwa la Jam Naubat. La tisa lilikuwa la baba yangu mdogo, aliyenifundisha ufundi. Hapo nilisita, yule ofisa akanisubiri, nikaendelea. Ghaus alikuwa ameketi kwenye dawati la watoto nyuma yangu, magoti yamemfika kifuani, na kila nilipotaja jina alilirudia kwa sauti ndogo ili asilisahau, hadi la thelathini na moja.